UZI: Hita ya gesi isiyo na bomba la moshi – kuifunga, kuipa hewa, na kwa nini Nairobi si sawa na Mombasa

#1 – Kijani_Langata

Wakuu, baridi ya Juni imebisha hodi, naomba mwongozo kabla sijawasha kitu. Nimenunua hita ya gesi ya kabati, ile ya magurudumu yenye vigae vitatu vya kauri mbele na nafasi ya mtungi nyuma. Kibandiko kinasema: 4.2 kW, 305 g/h, 28–30 mbar. Haina bomba la kutoa moshi nje.

Sebule ni mita 4.5 kwa 4, dari iko mita 2.6. Ni fleti, orofa ya tatu. Juu ya madirisha kuna yale matundu ya hewa ya kudumu, lakini mpangaji aliyetangulia aliyaziba kwa nailoni na gundi. Mtungi ni wa kilo 13.

Maswali: niiweke upande gani, mpira uwe wa urefu gani, dirisha nilifungue kiasi gani, na je, naweza kuisukuma hadi chumba cha mtoto usiku? Muuzaji anasema ina sensa kwa hivyo haina neno.

#2 – fundi_mitungi

Usiiwashe bado. Toa ile nailoni leo hii, hata kama hita hutaitumia. Yale matundu hayakuwekwa kwa urembo, na ukiwa na jiko la gesi ndani ya nyumba hiyo tayari unayahitaji. Mbu wakikusumbua, weka wavu, usizibe.

Chumba cha mtoto: hapana. Wengine watakueleza sababu.

#3 – Mhandisi_Ngong

Ndugu Kijani, nianze na hesabu, maana wengi hawaifanyi.

Hita isiyo na bomba inamwaga kila kitu chumbani: joto, kaboni dioksaidi, mvuke wa maji, nitrojeni dioksaidi kidogo, na hewa ikipungua, kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu. Yako ikiwaka vigae vyote vitatu inakula gramu 300 hivi kwa saa. Gesi kiasi hicho ikiungua inatoa takriban gramu 900 za kaboni dioksaidi na karibu nusu lita ya maji. Ndiyo maana vioo vinatiririka na ukungu mweusi unaota nyuma ya kabati la nguo. Vioo vikianza kutiririka, jua hewa haibadiliki vya kutosha, na hayo ni maji tu unayoyaona, mengine huyaoni.

Sasa oksijeni. Kwa hewa ya Nairobi, gramu 300 za gesi zinahitaji karibu mita moja ya ujazo ya oksijeni kila saa. Sebule yako ni mita za ujazo 46.8, na oksijeni iliyomo ni kama mita 9.8. Chumba kikizibwa kabisa, kutoka asilimia 21 hadi 18 ni saa moja na dakika ishirini na kitu. Kaboni dioksaidi nayo ndani ya saa moja tu inapita asilimia 1, wakati hewa ya nje ina 0.04 hivi. Hakuna chumba kinachozibwa kabisa, sawa, lakini mwenye gundi na nailoni anajitahidi sana kufika huko.

Miongozo ya hita za kabati za Ulaya, ambayo ndiyo familia ya hita yako, inatumia kanuni mbili:

Ujazo wa chumba: mita za ujazo 20 kwa kila kilowati katika vyumba vya kukaa. 4.2 kW inataka mita 84. Wewe una 46.8. Kwa hivyo vigae vyote vitatu havikufai katika sebule hiyo. Kigae kimoja (1.4 kW) kinataka mita 28, uko salama. Viwili (2.8 kW) vinataka 56, umepungukiwa, isipokuwa sebule imeungana na chumba cha kulia bila mlango katikati, hapo pima vyote viwili kama chumba kimoja.

Matundu ya hewa: sentimita mraba 25 kwa kila kilowati, na isipungue 50, nusu juu karibu na dari na nusu chini karibu na sakafu. Kwa 4.2 kW ni 105. Hesabu kwa uwezo wote wa hita, si kwa kigae unachowasha leo, kwa sababu kesho mgeni atageuza kitufe hadi mwisho.

Hizo sentimita ni za uwazi halisi ambamo hewa inapita. Venti ya inchi 9 kwa 6 ikiwekewa grili na wavu wa mbu, nusu yake au zaidi inaliwa na vyuma na nyuzi, na vumbi likikaa msimu mmoja inabaki kidogo zaidi. Kwa hiyo fundi akikwambia “nimekutobolea tundu la inchi nne, linatosha”, mwulize ni matundu mangapi, na wavu ni wa aina gani. Mimi ningetaka venti ya 9 kwa 6 juu na nyingine kama hiyo chini, zote zikitokea nje. Kutokea kwenye korido ya jengo hakuhesabiki.

#4 – Bi_Ruaka

Na wale tunaokodi, ambao mwenye nyumba hataki kusikia drili? Dirisha pekee halitoshi?

#5 – Mhandisi_Ngong

Dada Bi_Ruaka, linaweza, ukilipima. Dirisha la chuma la kufunguka kwa bawaba, urefu wa sentimita 90, likiwa wazi sentimita 2 upande wa mkono linatoa takriban 180 za mraba. Zinapita 105. Lakini lishikizwe kwa ule mkono wenye matundu lisije likapigwa na upepo likajifunga. Fungua hilo pamoja na matundu ya kudumu ya juu. Upande wa chini, mlango wa kutokea baraza au roshani ukiwa na uwazi wa sentimita 1 kwa 80 chini yake, hizo ni 80 zaidi. Usiweke kile kitambaa cha kuzuia baridi hapo chini wakati hita inawaka.

Kwa nini chini pia? Hewa safi ya baridi inaingilia chini, ya moto iliyotumika inatokea juu. Na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja inalala sakafuni, haipandi dirishani. Bila tundu la chini inakaa hapo ikisubiri cheche ya friji. Asilimia 2 tu ya gesi hewani inatosha kushika moto.

#6 – Otis_K

Mnatisha watu. Hita hizi zina sensa ya oksijeni, ikipungua inazima yenyewe. Familia nyingi zinazitumia na milango imefungwa.

#7 – fundi_mitungi

Kaka Otis, sensa hiyo ni nzuri na hita isiyo nayo isinunuliwe kabisa. Lakini tujue inafanya nini.

Ni moto mdogo, pailoti, unaolamba ncha ya themokapo. Themokapo ikiwa na moto inatoa umeme kidogo mno, milivolti kadhaa, na umeme huo unashikilia vali ya gesi iwe wazi. Oksijeni ikishuka hadi karibu asilimia 18, moto wa pailoti unajiinua na kuiacha ncha, themokapo inapoa, vali inajifunga. Basi. Hakuna kompyuta humo.

Kwa hivyo:

Haipimi kaboni monoksaidi. Kigae kikiwa na ufa, au nozeli (katundu kanakotoa gesi) imejaa vumbi na moto umekuwa wa njano, hita inaweza kutoa kaboni monoksaidi huku oksijeni bado iko juu ya 18 na pailoti inawaka kwa raha zake.

Inachafuka. Katundu ka hewa ka pailoti ni kadogo kuliko kichwa cha kiberiti, na buibui wanakapenda wakati hita imekaa stoo kuanzia Septemba hadi Mei. Moto wa pailoti ukiwa wa njano na umelala, kipimo hakipo tena.

Na hili ndilo linaloniuma: mafundi wa mtaani wanairuka. Hita ikizimika mara kwa mara, mwenye nyumba analalamika, fundi anakunja themokapo kuisogeza ndani zaidi ya moto, au anaifunga vali kwa waya. Hita haizimiki tena. Mteja anafurahi. Ukinunua hita ya mtumba, mulika tochi pale kwenye pailoti kwanza. Ukiona waya usio wa kiwandani, gundi, au ncha iliyopindwa, iache hapo hapo.

#8 – Mhandisi_Ngong

Naongezea kwa Otis, kwa sababu hapa ndipo Nairobi inapojitenga. Jiji liko karibu mita 1,795 juu ya bahari, Limuru ni zaidi ya 2,200. Asilimia ya oksijeni ni ile ile 21, lakini hewa yenyewe ni nyepesi: kila mita ya ujazo ina takriban moja ya tano pungufu ukilinganisha na Mombasa. Regyuleta, kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza presha ya gesi, haijui habari hiyo, inaendelea kusukuma kwa milibari 30. Gesi inayopita kwenye nozeli inapungua kidogo, hewa inayovutwa kuiunguza inapungua zaidi. Matokeo ni moto uliozidiwa gesi, na huo ndio mama wa kaboni monoksaidi.

Hita nyingi za Marekani zisizo na bomba zimeandikwa wazi kwenye mwongozo: zisitumike juu ya futi 4,500, yaani mita 1,370 hivi. Nairobi yote iko juu ya hapo. Kule kwao kanuni ya kawaida kwa vifaa vya gesi ni kupunguza uwezo asilimia 4 kwa kila futi 1,000 juu ya usawa wa bahari ukishapita futi 2,000, kwa nozeli za kiwandani, si kwa kutoboa au kuziba na waya.

Fungua mwongozo wa hita yako utafute kimo cha juu kinachoruhusiwa. Ukiona kikomo kiko chini ya kimo cha unapokaa, rudisha dukani ukiwa na risiti.

#9 – Wanjala_254

Hapo umenigusa. Ndugu yetu wa Marekani ametutumia hita ya ukutani ya propeni, BTU 20,000. Tukibadilisha regyuleta itafanya kazi?

#10 – Mhandisi_Ngong

Itawaka, ndiyo. Presha yao ni inchi 11 za maji, kama milibari 27, karibu sawa na yetu. Hilo ndilo linawadanganya watu. Lakini BTU 20,000 ni karibu 5.9 kW, ambayo kwa kanuni niliyotaja inataka chumba cha mita za ujazo 117 na zaidi, na uwezekano ni mkubwa kwamba iko kwenye kundi la futi 4,500. Pailoti yake itakuwa ama inazimika kila dakika kumi, ama inawaka vibaya. Na gesi yetu ni mchanganyiko wa propeni na byuteni, si propeni peke yake kama walivyoikusudia. Usiifunge. Kama imeandikwa ni ya gesi asilia ndiyo usiiguse kabisa: nozeli zake ni kubwa, kwa mtungi wetu itatoa ndimi za moto.

#11 – fundi_mitungi

Kijani, sasa kufunga. Fuata mpangilio huu, usiruke.

Kwanza soma kama mwongozo unakubali fleti. Hita nyingi za kabati zinakatazwa kwenye majengo marefu, vyumba vya chini ya ardhi, vyumba vya kulala na bafu. Uliza pia msimamizi wa jengo. Orofa yako ya tatu si jambo la kupuuza, kwa sababu mtungi ukishika moto njia ya kutokea ni ngazi moja.

Mahali: sakafu sawa, mgongo wa hita kuelekea ukuta, uso kuelekea katikati ya chumba. Mita 1 mbele isiwe na kochi, pazia, zulia lililoinuka wala nguo. Najua Julai nepi na sare za shule hazikauki, lakini usizianike mbele ya hita. Isikae kwenye njia ya kutokea mlangoni. Isikae ambapo upepo wa dirisha unapiga pailoti moja kwa moja.

Regyuleta: ya presha ya chini, isiyorekebishwa, 28–30 mbar, ya kubonyeza kwenye mtungi wa kilo 13. Ile ya kuzungusha mkono inayotumika kwa majiko makubwa ya mikahawa itapasua vigae. Kabla ya kuibonyeza, chungulia ndani ya vali ya mtungi: kuna raba nyeusi ya duara. Ikiwa imekatika, imeng'oka au ina mchanga, rudisha mtungi kwa muuzaji. Uvujaji mwingi ninaouona unaanzia kwenye hiyo raba. Usizungushie tepu nyeupe ya mabomba ya maji. Muunganiko huo unafungwa na raba, tepu inausogeza tu.

Mpira: wa gesi, wenye maandishi ya kiwango na mwaka ubavuni. Usiwe zaidi ya mita 1.5, kwa hita ya kabati sentimita 50 hadi 60 zinatosha, ilimradi usikunjike wala kugusa mgongo wenye moto. Ubadilishe kila miaka 5, au mapema ukiona nyufa ukiukunja. Mpira wa maji wa bustani unayeyuka taratibu kwa gesi, hata ukionekana mzuri.

Klipu: za chuma za kukaza kwa bisibisi, moja kila mwisho. Sukuma mpira hadi uzame angalau sentimita 2.5, kisha kaza mpaka mpira usizunguke kwa mkono. Ukikaza kupita hapo klipu inaukata.

Kupima: vitufe vyote vya hita vimezimwa, fungua mtungi. Changanya sabuni ya kuoshea vyombo na maji, paka kwa brashi: vali na regyuleta, regyuleta na mpira, mpira wote, mwisho wa mpira kwenye hita. Tazama kila sehemu kwa utulivu, povu dogo huchukua muda kujionyesha. Likitokea, funga mtungi, rekebisha, pima tena. Kiberiti kisikaribie.

Kisha ingiza mtungi ndani ya kabati, ukiwa wima. Mtungi wa akiba usikae ndani ya nyumba.

Kuwasha mara ya kwanza, madirisha yote wazi. Bonyeza kitufe cha pailoti, piga cheche. Inaweza kuchukua nusu dakika kwa sababu mpira una hewa. Ikishika, endelea kubonyeza sekunde 20 ili themokapo ipate moto. Ikikataa, zima, subiri dakika 5, ndipo ujaribu tena. Saa ya kwanza kutakuwa na harufu ya rangi mpya ikiungua, hiyo inaisha.

Baada ya dakika 20 piga magoti uangalie. Pailoti iwe ya bluu na imeilamba ncha. Kigae king'ae rangi ya machungwa iliyokolea uso mzima. Sehemu nyeusi, ndimi za njano zinazoruka nje, masizi, au macho kuwasha: zima.

#12 – Bi_Ruaka

Mimi ni muuguzi, niseme upande wa dalili. Kaboni monoksaidi haina harufu. Ile harufu ya gesi mnayoijua ni dawa inayotiwa kwenye gesi mbichi, na ikishaungua haipo. Kaboni monoksaidi inashika damu kwa nguvu mara mia mbili na zaidi kuliko oksijeni. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, bila homa. Watu wanadhani ni mafua ya baridi. Ishara kubwa ni kwamba nyumba nzima inaugua pamoja na mtu akitoka nje anapata nafuu. Hapo zima hita kama unaifikia, fungua, toeni kila mtu nje, kisha hospitali hata kama mmepata nafuu, na mwambie daktari kuna hita ya gesi, asije akawapima malaria tu. Kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kinaweza kuonyesha 98 wakati mgonjwa amejaa sumu.

Mtoto mchanga, mjamzito, mzee na mwenye pumu wasikae na hita hii muda mrefu hata hewa ikiwa nzuri. Ile nitrojeni dioksaidi inawakaba wenye pumu.

Na jiko la makaa lisiletwe ndani kabisa, hata likiacha kutoa moshi. Likiwa jekundu bila moshi ndipo watu hulala nalo.

#13 – Kijani_Langata

Asanteni sana. Nimetoa nailoni, nimeweka wavu. Mwongozo nimeupekua, kikomo cha kimo ni mita 2,000. Jengo letu lina orofa nne na mwongozo haukatazi. Vingi vimeeleweka. Yamebaki mawili: king'ora cha kaboni monoksaidi nikiweke wapi, na chumba cha mtoto, cha mita 3 kwa 3, ndiyo hapana hata kwa kigae kimoja?

#14 – Mhandisi_Ngong

Ving'ora viwili, visichanganywe. Cha kaboni monoksaidi kiwe cha betri (stima ikipotea ndipo hita inawashwa zaidi), chenye alama ya EN 50291, kiwango cha Ulaya cha ving'ora hivi. Kiweke chumba kile kile, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye hita, kwa kimo kinachotajwa kwenye mwongozo wake, si nyuma ya pazia wala kando ya dirisha lililo wazi. Kingine karibu na milango ya vyumba vya kulala. Cha kiwango hicho hulia ndani ya dakika 3 kikikutana na sehemu 300 kwa milioni, na kwa sehemu 50 hulia baada ya saa moja hadi saa moja na nusu. Kwa hiyo kikilia, usikizime ukidhani kina kichaa. Angalia tarehe ya mwisho nyuma yake. Sensa zinazeeka hata betri ikiwa mpya.

Cha kunusa gesi inayovuja ni kingine na mahali pake ni chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni, upande wa mtungi.

Chumba cha mtoto: 3 kwa 3 kwa 2.6 ni mita za ujazo 23. Hata kigae kimoja kinataka 28. Marekani, majimbo yanayoruhusu chumbani yanataka hita iliyofungwa ukutani, isiyozidi BTU 10,000, yenye sensa. Ya magurudumu haimo. Pasha sebule mkiwa macho, saa moja au mbili, zima, funga mtungi, acha matundu wazi. Mtoto alale na blanketi na chupa ya maji moto iliyofunikwa, iliyotolewa kitandani kabla hajalala. Ikibidi joto la usiku kucha, hita ya umeme ya mafuta yenye kidhibiti, kwenye soketi yake yenyewe, bila eksitensheni.

#15 – Otis_K

Nimeelewa hesabu ya mita za ujazo, nimepima yangu na nimepungukiwa. Swali: moto wa pailoti yangu umekuwa wa njano tangu wiki jana, nimekuwa nikipuliza dawa ya mbu sebuleni. Kuna uhusiano?

#16 – fundi_mitungi

Kuna. Dawa ya kupuliza inashika moto, na mabaki yake yanaganda kwenye katundu ka pailoti. Kamwe usipulize hita ikiwa inawaka, wala rangi, wala dawa ya nywele. Sasa: funga mtungi, acha hita ipoe nusu saa. Fungua grili ya mbele, puliza kwa hewa ya kopo au pampu ya baiskeli kwenye tundu la hewa la pailoti, pembeni, si ndani ya nozeli. Sindano usitumie, ukilipanua hata kidogo kipimo cha oksijeni kimeharibika. Piga vumbi la vigae kwa brashi laini ya rangi. Washa dirisha likiwa wazi. Ikibaki ya njano, badilisha kifaa kizima cha pailoti na themokapo yake, cha modeli ile ile, huuzwa pamoja. Mpaka hapo isitumike.